Sabufa kwenye saundiba: nimeanza na ile ya stoo

Saundiba yangu, ile spika ndefu ya kuweka chini ya runinga, ina miezi minane. Kwenye maneno sina ugomvi nayo, watangazaji wanasikika vizuri kuliko kwenye runinga yenyewe. Kilichonikera ni muziki wa dansi. Solo unalisikia, tarumbeta unazisikia, ila gitaa la besi unalikumbuka tu. Nikafungua kitabu chake: sauti inaanzia Hz 80, yaani mitetemo 80 kwa sekunde; namba ikishuka, besi inazama. Waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi ni kama Hz 41. Spika za inchi mbili zingeutoa wapi?

Nikaenda Kariakoo kutafuta sabufa, boksi la spika ya besi. Sabufa nyingi zisizo na waya hushikana na saundiba za kampuni yake tu, tena modeli fulani, kwa hiyo hizo nilizipita. Saundiba yangu ina tundu la SUB OUT, la kupeleka besi kwenye sabufa kwa waya, nilitaka ya waya yenye amplifaya yake ndani. Duka moja likanitolea mtumba wa Japani, inchi 8, bei ya kushawishi. Nikaigeuza nyuma: volti 100. Umeme wetu ni 230. "Chomeka tu bosi, haina shida." Nikapanda daladala nikarudi nyumbani.

Njiani nikaikumbuka sabufa yetu ya zamani iliyolala stoo, ile yenye vispika viwili. Boksi lake kubwa si lina amplifaya ndani? Nikachomoa vispika, nikavuta waya mmoja kutoka SUB OUT hadi tundu jekundu la nyuma. Majaribio bila senti.

Usiku wa kwanza niliiweka konani, karibu na runinga. Kona huzidisha besi, na chumba chetu ni kidogo. Kila noti ikawa mvumo uleule. Asubuhi jirani wa ukuta wa pili: "Baba Nasra, jana mlikuwa mnasaga nini?"

Nikatumia mbinu ya zamani ya mafundi. Boksi unalipandisha kwenye kochi unalokalia, unarudiarudia wimbo mmoja, halafu unatambaa kando ya kuta ukisikiliza. Panapotoka besi safi, ndipo pa kuliweka. Wanangu walinipanda mgongoni wakidhani ni mchezo. Pakawa ubavuni mwa kabati, hatua mbili kutoka kona, sauti nikaifungua robo tu.

Sasa gitaa la besi linatembea, unaweza kulifuata kidole kwa kidole. Mpira umeongezeka uzito kidogo, si wa kumwita mtu aje asikie. Taarifa ya habari imeharibika: mtangazaji wa kiume anasema kama yuko ndani ya pipa, kwa sababu sabufa hii haina kitufe cha kuchagua besi iishie wapi, inachukua hadi sauti za watu. Saa mbili ikifika naizima.

Kwa hiyo nanunua, ila ya inchi 8, ya 12 nyumba ya kupanga haiitaki. Iwe na kitufe hicho, na swichi ya fezi, 0 na 180, ya kugeuza mwendo wa spika ili besi yake isipingane na sauti ya saundiba. Mwisho wa mwezi narudi Kariakoo, na kabla ya kuuliza bei naigeuza nyuma.