Bwawa la Malindi lililomtoa Babu woga, na manung'uniko yangu

Kijana wangu ana miaka minne. Amepewa jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo nyumbani tunamwita Babu. Nasema mapema msije mkadhani nilimpeleka mzee kuogelea.

Idd iliyopita tulishuka ufukweni kama Malindi nzima inavyoshuka, wimbi likamwangusha kifudifudi, akanywa chumvi. Tangu hapo hata kuoshwa kichwa bafuni ikawa vita. Baharini singeweza kumrudisha: masika mto Sabaki hushusha matope ya bara, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, na mtoto mwoga anataka avione vidole vyake vya miguu.

Bwawa ni la hoteli ndogo upande wa Casuarina. Jina silitaji, maana si yote nitakayoyasema ni mazuri. Kiingilio shilingi 300 mtoto, 500 mimi. Mwalimu 700 kwa nusu saa.

Siku ya kwanza Mwalimu, ambaye tunamwita Ami, hakumtia majini kabisa. Alikuja na kata ya kifuu, ile ya kuchotea maji mtungini, akamwomba Babu amwogeshe yeye. Babu akammwagia Ami mgongoni, begani, kichwani, akicheka. Mimi pembeni naiona 700 yangu inavyokwenda. Nusu saa ilipokaribia kwisha, Babu akajimiminia kata moja kichwani mwenyewe. Nikanyamaza.

Siku ya pili walikaa kwenye kidato cha juu cha ngazi. "Poza uji," Ami akamwambia, naye akapuliza juu ya maji. Mara midomo ikagusa, mara mapovu. Anayepuliza havuti maji puani, basi siri yote ni hiyo. Wiki ile uji wa nyumbani ulipozwa mpaka ukamwagika kwenye mkeka.

Kuelea kulitoa jasho zaidi. Kichwa cha mtoto begani kwa Mwalimu, macho juu kwenye mnazi. Taabu ni masikio: yakiingia maji mtoto hukaza shingo, hujikunja, kiuno kikashuka, naye akashuka nacho. Ami akamwambia ahesabu madafu. Siku ya sita alihesabu mpaka saba, na mkono wa Ami ulishaondoka chini yake tangu dafu la tatu.

Kijana wa pale alitaka kutukodisha maboya ya mikononi. Mwalimu akakataa: mtoto huzoea kusimama wima majini kama nguzo, akadhani ni yeye anayeelea, siku moja akaruka bila hayo maboya. Nilipenda mtu anayekataa biashara.

Sasa manung'uniko. Alama za kina zimefutika, na vigae vya ngazi vinateleza. Mwokoaji hakuna, kuna kibao tu cha kukwambia uko kwa dhamana yako. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, hushuka kimya. Mimi kuogelea sijui (ndiyo, mzaliwa wa Shela, kando ya bahari, na wa rika langu tuko wengi), kwa hiyo kila siku nilikaa ukingoni miguu majini, simu nimeizima mkobani.

Halafu dera. Kulikataza majini ni haki, hulowa maji likamvuta mtu. Lakini siku niliyokuja na nguo rasmi ya kuogelea inayofunika mwili, bado nikazuiwa getini mpaka meneja akaitwa. Aliniruhusu, pole hakunipa.

Mwalimu nampa nyota tano, hoteli mbili. Nendeni saa nne asubuhi, katikati ya wiki. Saa moja maji ni baridi, Babu alitoka anatetemeka meno. Jumapili muziki ni mkubwa, Ami hasikiki. Chukueni kanga mbili, na mle nyumbani kabisa: chipsi zao ni 450 na zetu zilikuja zimepoa.