Uzoefu wangu wa kutazama filamu ya My Sister's Keeper

Niliitazama filamu hii nikijua mapema kwamba inamhusu mtoto anayekaribia kufa, na nilichotaka kuona ni kama mwongozaji, Nick Cassavetes, angemwacha mtoto huyo awe mtu mwenye matakwa yake, au angemtumia tu kututoa machozi. Filamu ilitoka mwaka 2009, ikitokana na riwaya ya Jodi Picoult. Kate anaugua saratani ya damu, na mdogo wake Anna, mwenye umri wa miaka 11, alitungwa maabara makusudi ili viungo vyake vimfae dada yake. Figo za Kate zinaposhindwa kufanya kazi, Anna anamwendea wakili na kuwashtaki wazazi, akidai haki ya kuamua juu ya mwili wake.

Aliyenigusa zaidi ni mama yao, Sara, anayeigizwa na Cameron Diaz. Aliacha uwakili ili amuuguze mwanawe, na kwa jinsi alivyozama katika kumpigania, hasikii tena mwanawe mwenyewe anataka nini. Ningeweza kumchukia, lakini kuna pale Kate anapokataa kutoka nje kwa kuonea haya kichwa chake kilichonyonyoka nywele, na Sara, pasipo kumhubiria, ananyoa zake zote. Sofia Vassilieva anamwigiza Kate kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kukubali jambo ambalo wengine bado wanalikimbia.

Kinachoniudhi ni nyimbo, ambazo huwekwa juu ya kumbukumbu za familia mara nyingi mno, kana kwamba sura za waigizaji hazijatosha kututoa machozi.

Asiyependa kujua mwisho asiendelee kusoma. Mahakamani, kaka yao Jesse anafichua kwamba ni Kate mwenyewe aliyemwomba Anna akatae kutoa figo, kisha Kate anafariki. Katika riwaya mambo ni kinyume: Anna anakufa kwa ajali na figo yake inampata Kate. Wapo wasomaji waliochukizwa na badiliko hilo, lakini mimi naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu baada ya kumsikia Kate akiomba aachwe apumzike, kumponya kwa ajali kungekuwa kulipuuza ombi lake.

Naipendekeza, ila aliyefiwa na mtoto hivi karibuni ningemsihi asubiri kwanza, maana matukio ya hospitalini yanaonyeshwa kwa ukaribu mno.