Defender ya bure ya Windows: miaka mitatu mu biro yangu ya Himbi

Wandugu, kila wiki kuko mtu mwenye ananiuliza pale ku biro yangu ya saisi na impresio, hapa Himbi mu Goma, we unatumikishaka antivirusi gani? Na nikijibu ni paka ile yenye inakujaka na Windows, Defender, ananiangalia sawa vile nimemwambia nalalaka mlango wazi. Basi niandike mara moja nipumzike.

Niko na mashini tatu. Wanafunzi wanaleta TFC (kitabu cha mwisho wa masomo) ku flashi, wamama wanaleta foto na barua za kuimprime, na ile flashi imeshapita mu kyberi ya Birere, ku mashini ya kaka, juzi tu ilikuwa inaimba mu redio ya taxi. Kama antivirusi inaweza kuishi kwangu, inaweza kuishi popote.

Virusi ya huku kwetu muko munaijua. Unafungua flashi, folda zote zimepotea, zimebakia rakursi zenye kamshale kadogo. Ukifinya ile rakursi, njo unaiamsha. Mwezi uliopita binti moja alikuja na TFC yake, kesho yake anapashwa kuidepoze, tunachomeka flashi, Defender inatoa kale katangazo chini kwa kuume, imekamata na imefuta. Kufungua: flashi tupu! Binti akakaa chini, akaanza kusema antivirusi yako imekula kazi yangu. Haikukula kitu. Folda zilikuwa zimefichwa na virusi tangu mbele, Defender iliondosha mududu tu, kurudisha vitu mahali pake haiko kazi yake. Nikafungua ile dirisha nyeusi ya kuandikia amri (cmd) nikaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na folda zikarudi zote, TFC ndani. (Herufi E inategemea na flashi yako, usiandike bila kuangalia.) Akanilipa impresio na akaniletea soda.

Kuko kitu wengi hawajue: Defender haipigake skani flashi nzima yenyewe ukichomeka, inaangalia fishié wakati zinafunguliwa. Hata ile skani kubwa ya mashini yote, flashi inaiacha pembeni kama hukubadilisha reglaje. Kwa hiyo finya flashi na kitufe cha kuume, chagua kuianalize, ngojea. Dakika mbili tatu.

Sasa wale wanasema cha bure hakifai. Ninawaelewa, juu kulikuwa na sababu. Microsoft ilitoa Security Essentials ya bure, yenye ilitangulia hii Defender, mu 2009, na mu 2012 maabara ya AV-TEST ya Ujerumani ikainyima setifika, kumaanisha ilikuwa inaacha vitu vingi vinapita. Ile sifa mbaya njo watu wanabeba mpaka leo. Lakini tangu Windows 8 iliiingiza ndani kabisa, na sana sana mu Windows 10, mambo yaligeuka, miaka hii maabara ileile inaipatia mara nyingi 6 kwa 6 upande wa kulinda. Haiko malaika: mu 2017 watafiti wa Google walikuta shimo baya mu motere yake yenyewe, fishié moja tu yenye kutengenezwa vibaya ingetosha kumpatia mwizi mashini. Microsoft ilifunga lile shimo mu siku chache.

Na tena "cha bure" haiko kimoja. Avast nayo iko na ya bure, na ililazimishwa na FTC, ofisi ya Marekani yenye kulinda wanunuzi, mu 2024 kulipa dola milioni 16.5 juu ya kuuzisha habari za mahali watu wanatembea ku intaneti. Microsoft faida yake inaipata kwingine, inauzisha Windows, inauzisha Defender ya makampuni. Lakini nayo inatumaka fishié zenye inashuku ku seva zake. Mi nilizima ile kutuma yenyewe, iniulize kwanza, juu ya makaratasi ya watu na pia juu ya mega zangu za intaneti.

Ee, mega. Hapa njo uzaifu wake wa kweli kwa sisi wa huku. Defender inapata nguvu nyingi kutoka ku seva, bila koneksio inakuwa kama askari mwenye kuachwa posti bila redio. Mwaka uliopita mashini ya pili ilikaa wiki tatu bila intaneti na nilikuwa naiamini tu. Sasa kila juma tatu natelesharje mizajuri (habari mpya za virusi za Defender) ku mashini moja, fishié inaitwa mpam-fe.exe, iko ku site ya Microsoft, inapita mega 100, naipeleka na flashi ku zingine. Forfe moja, mashini tatu.

Lakini kitu chenye kiliniuma zaidi haikukuwa Defender. Nilinunua mashini ya okazio, teknisie moja akaniwekea Windows na Office, unajua za namna gani. Kisha miezi mbili, wateja wakaanza kurudi: flashi yangu imetoka kwako na rakursi. Kwangu! Ni mi nilikuwa naambukiza watu. Na Defender iko inaonyesha alama ya kijani, kila kitu sawa. Nikaingia mu Sekirite ya Windows, mu reglaje za virusi, nikashuka mpaka chini kwenye Exclusions, nikakuta mstari moja tu: C:\. Disiki nzima! Ili kraki yake, ile programu ya kufungua Windows na Office bila kulipa, ipite, aliiambia antivirusi isiangalie kitu chochote mu nyumba yote, kisha akachukua dola zake kumi akaenda. Nikafuta ule mstari, nikapiga skani jioni, ikamaliza asubuhi, lundo ya virusi. Kama mashini yako ilipita ku mkono wa teknisie, enda uangalie pale leo, mbele ya kulaumu antivirusi.

Nota yangu ni 8 kwa 10. Sitalipa tena antivirusi ya dola 30 mu kisanduku, nililipaka mara moja, ikaisha muda ikabakia kunililia kila asubuhi nilipe tena.

Kuhusu Windows 10: sapoti iliisha tarehe 14/10/2025, lakini Microsoft imesema mizajuri za Defender zitaendelea huko mpaka Oktoba 2028. Ni za Defender, mashimo ya Windows yenyewe ni kitu kingine. Mashini yangu ya tatu ni nzee, inakataa Windows 11, nikaitosha ku intaneti, inaimprime tu, na hakuna flashi inaingia pale bila kupita kwanza ku mashini ya kwanza. Nimebandika karatasi ku ukuta. Juzi mwanafunzi moja alisoma, akaangalia mstari wa watu wenye kushika flashi, akasema biro hii imeshakuwa Petite Barrière, sawa pale ku mpaka wa Rwanda.