Kuchaji magari ya wageni Lubumbashi: uzoefu wangu na kisanduku cha ukutani

Mimi na mume wangu tunapangisha vyumba vyenye samani katika mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, Kongo, kwa wageni wanaokaa siku chache. Zamani mgeni aliuliza kwanza kuhusu maji na jenereta. Sasa wapo wanaouliza kama wataweza kuchaji gari. Si wengi bado, lakini ni wageni tunaowategemea: wahandisi wanaoshuka kutoka miji ya migodi ya Kolwezi na Likasi kwa mikutano, na wafanyabiashara walioagiza magari ya umeme kutoka China yakaingia kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kwa ajili yao tulinunua kisanduku cha kuchajia kinachofungwa ukutani, chenye uwezo wa kilowati 7.4, yaani ampea 32 kwa umeme wa fazi moja. Tumekitumia wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, na maoni yangu ni kwamba kinafaa sana, ingawa si kwa sababu ile aliyonisifia muuzaji. Visanduku vya namna hii huuzwa kwa majina mengi huku vikifanana sana ndani, kwa hiyo nitaeleza sifa zake badala ya jina lililobandikwa juu.

Muuzaji alisifu kasi. Ni kweli kwamba soketi ya kawaida ya nyumbani haitoshi: ukiipa gari ampea 10 kwa volti 230 unapata kilowati 2.3 tu, na soketi nyingi za mjini hazikutengenezwa zibebe mzigo huo usiku kucha bila kupata joto. Kolwezi iko umbali wa kilomita 300 hivi kutoka hapa. Gari la kawaida linalotumia kilowati-saa 18 kwa kila kilomita 100 linahitaji takriban kilowati-saa 54 ili lifike, bila kuhesabu akiba, na kwa soketi hiyo mgeni angesubiri takriban siku nzima, usiku na mchana. Kisanduku chetu kikipata umeme kamili hufanya kazi hiyo kwa muda wa saa nane hivi. Hata hivyo, umeme kamili usiku kucha ni jambo ambalo katika mji wetu huwezi kumwahidi mgeni.

Kilichonifanya nikipende ni namna kinavyojirekebisha kwa umeme uliopo. Fundi amefunga kipimo kidogo kwenye waya mkuu unaoingia nyumbani, nacho hukijulisha kisanduku ni ampea ngapi zinazotumika ndani. Mgeni wa chumba cha juu akiwasha mashine ya maji moto huku jikoni wanapika, kisanduku hupunguza umeme wa gari. Wakizima, hupandisha tena. Kinaweza kushuka mpaka ampea 6, ambacho ndicho kiwango cha chini ambacho gari linaweza kuchaji, na chini ya hapo husimama na kungoja. Tangu kifungwe, dijonkteri kuu, yaani swichi inayojikata mzigo ukizidi, haijawahi kukata nyumba nzima kwa sababu ya gari. Kisha kuna delestaji, yaani mgao wa umeme. Umeme ukikatika na kurudi, kisanduku hungoja dakika chache ili volti itulie, halafu huendelea chenyewe bila mgeni kushuka usiku na kuchomoa kebo. Kwa yeyote anayenunua mjini hapa, ningemshauri aulize sifa hizi mbili kabla ya kuuliza kilowati.

Jioni volti nayo hushuka. Ampea 16 kwa volti 230 ni kilowati 3.7 hivi, lakini ampea hizo hizo kwa volti 180 hazifiki kilowati 3, na mgeni anayeangalia simu yake huona saa za kumaliza zikiongezeka bila kujua sababu. Ni vema umweleze mapema, kwa upole, kwamba gari lake ni zima na kisanduku ni kizima.

Jambo lililotuchukulia muda na fedha kuliko yote ni waya wa ardhi, ule unaopeleka udongoni umeme unaovuja. Kisanduku hiki hupima waya huo kila gari linapochomekwa, na kisiporidhika hukataa kabisa kuchaji na kuwasha taa nyekundu. Nyumba nyingi za Lubumbashi zina soketi zenye pini ya ardhi isiyounganishwa na chochote, na taa, televisheni na friji hufanya kazi hivyo hivyo miaka yote bila mtu kugundua. Fundi wetu alifukia fito za shaba nyuma ya nyumba, akazipima, akaongeza nyingine, kwa sababu katika kiangazi udongo wetu mwekundu hukauka na kupitisha umeme kwa shida kuliko wakati wa mvua. Kazi hiyo ifanywe na kupimwa wakati wa ukavu, Agosti au Septemba. Ikifaa wakati huo, itafaa mwaka mzima. Nasisitiza hili kwa sababu nimesikia mafundi wakijitolea kuunganisha waya wa ardhi na nyutro (waya wa kurudisha umeme) ndani ya kisanduku ili taa nyekundu izime. Usikubali. Nyutro ikikatika mahali fulani barabarani, bodi ya gari inaweza kubeba umeme, na anayeigusa mvua ikinyesha ni mgeni wako au mtoto wake.

Kifaa cha kukata umeme unapovuja nacho kisisahauliwe. Magari haya yanaweza kuvujisha umeme wa aina ya betri, ambao kifaa cha kawaida cha nyumbani hakiutambui vizuri. Kisanduku chetu kina kinga yake ya ndani inayokata uvujaji huo unapofikia miliampea 6. Kama chako hakina, itabidi ununue kifaa cha aina B, nacho ni ghali.

Kuhusu plagi, kisanduku kilikuja na kebo ya Type 2, ile ya Ulaya, ilhali magari mengi tunayopokea yalitengenezwa kwa soko la China na yana tundu la GB/T. Matundu hayo mawili hufanana kwa mbali lakini hayaingiliani. Tulinunua adapta, na mlinzi huihifadhi ndani kwa sababu ni kitu kidogo na cha thamani. Kebo ya mita 5 ni fupi kwa kiwanja chetu, na maelezo ya matumizi hayakuwa hata kwa Kifaransa. Hizo ndizo kasoro zake mbili za kweli.

Jenereta tuliamua isihusike. Kila kilowati-saa moja hula takriban theluthi moja ya lita ya mazuti (dizeli), kwa hiyo safari ya Kolwezi ingemaliza lita 18 au zaidi, na kisanduku chenyewe mara nyingi huikataa jenereta kwa kuwa haina ardhi inayoeleweka.

Nilichokuwa nikihofia zaidi ni malipo. Tunanunua umeme mapema kwa mita, na gari moja linaweza kula kwa usiku mmoja kile ambacho chumba hula kwa wiki nzima. Kisanduku kina mita yake na kadi za kugusisha, hivyo kila mgeni hupewa kadi yake na asubuhi tunasoma kilowati-saa pamoja naye. Bei yetu ni ile tunayonunulia, pamoja na nyongeza ndogo ya uchakavu. Mhandisi mmoja aliniuliza, “Mama, umeme si uko ndani ya bei ya chumba?” Nilimwonyesha mita, nikamwambia, “Papa, wa taa na friji uko ndani. Huu ni mafuta ya safari yako.” Alilipa bila kinyongo, na amekwisha kurudi. Naamini mgeni hakasirishwi na bei bali na bei asiyoijua.

Naomba niseme pia kwamba jambo hili linanigusa. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, na sehemu kubwa hutoka katika majimbo ya huku kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Ni kweli kwamba baadhi ya magari ya bei nafuu yana betri zisizotumia kobalti, lakini shaba yanatumia yote. Sitaki mgeni aondoke akisema kwamba katika mji wa shaba alikosa mahali pa kuchomeka gari.

Wakati wa mvua, radi zinapokaribia, mlinzi huwaomba wageni wachomoe magari yao, ingawa tumefunga kinga ya radi kwenye ubao wa umeme. Katika tangazo letu hatuandiki tena “chaja ipo” peke yake. Tunaandika aina ya plagi, bei ya kilowati-saa, kwamba delestaji inaweza kutokea, na kwamba anayepaswa kuendelea hadi Kolwezi kesho yake afike kabla ya saa tisa alasiri.