Uzoefu wangu na "W. Richards" ya mitutu miwili: geuza mtutu kwanza, bei baadae

Wadau wa vitu vya kale, naona wengi mnaulizia hizi shotgan za mitutu miwili zenye nyundo kwa nje zilizoandikwa W. Richards, mimi ninayo moja ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), niliipata mnadani huku Pennsylvania, Marekani, chini ya dola 200, so nawapa mrejesho.

Muuzaji yeyote atakuapia ni ya Mwingereza. Wapi! Jina ndo chambo chenyewe, maana Birmingham kuna kampuni kweli inaitwa Westley Richards, ipo tangu 1812 na bunduki zake ni hela ndefu, sasa enzi zile waagizaji wa Marekani walikuwa wanashusha bunduki za bei chee kutoka Liège, Ubelgiji, zimechapwa majina yanayofanana fanana na ya wakubwa. Kwa hiyo maandishi ya ubavuni yasikubabaishe.

Cheti cha kuzaliwa kipo chini. Kabla ya kutaja bei nilimwomba jamaa wa mnadani achomoe ule ubao wa mbele ulio chini ya mitutu, mitutu ikatoka, nikaigeuza nikasoma kule nyuma inakoingia risasi. Yangu ina umbo la yai lenye herufi ELG na kinyota, juu yake taji. Hiyo ni alama ya ukaguzi wa bunduki ya Liège moja kwa moja, na taji walianza kuliweka 1893, ukikuta halina taji ujue ni ya nyuma ya hapo. Pia upana wa mtutu umeandikwa kwa milimita, kibelgiji hicho. Ingekuwa ya Birmingham karne ya 19 ungeona taji juu ya fimbo mbili za kifalme zilizopishana, na herufi BPC na V, na ukikutana na maneno NOT FOR BALL (si ya kupigia risasi moja ya duara) hapo unaongelea 1875 hadi 1887. Angalia na neno Belgium, sheria ya ushuru ya Marekani iitwayo McKinley ya 1890 ndo ililazimisha bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka.

Halafu kuna yale mawimbi ya damaski kwenye mtutu, watu wanayapenda balaa. Ya kweli ni vipande vya chuma na stili vimesokotwa vikachomelewa pamoja, mchoro upo ndani ya chuma chenyewe, ila feki wamechora juu tu kwa asidi, we chungulia pale palipofunikwa na ubao, mchoro ukiishia ghafla shtuka. Yangu ni ya kweli, imefifia kidogo tu. Mitutu nikaining'iniza nikaigonga na kidole ikalia sauti ya kuvuta, maana yake haijaachia kwenye maungio. Ubaya wake nyundo ya kushoto inacheza na kitako kina ufa.

Nyota 3 kati ya 5, ya ukutani safi, ya kuuza upate faida sahau.

Na msije mkatia risasi za dukani jamani, hizi ziliundwa kwa baruti nyeusi, na nyingi chemba zake (tundu inamokaa risasi) ni fupi kuliko za sasa.

Kuhusu sheria, huku Marekani serikali kuu inahesabu bunduki kuwa antiki, yaani silaha ya kale, kama imetengenezwa 1898 au kabla, sasa taji la 1893 peke yake halithibitishi kitu, inaweza kuwa ya 1895 au ya 1910, ndo maana mimi nikaipitisha kwa dila mwenye leseni kama bunduki ya kawaida, na state nyingine zina masharti yao, ulizeni kwanza.