Walimzuia mama mdogo kumtunza mwimbaji

Nilitaka kuandika usiku ule ule, hasira zikanishinda. Wiki kadhaa zimepita na hazijanitoka, basi wacha niseme.

Tulikwenda hoteli moja ya Mji Mkongwe, juu ya paa, kusikiliza taarab asilia. Chakula sikizungumzi, hatukufuata chakula. Tulimfuata bibi mmoja, mwimbaji mkongwe ambaye mama mdogo anamsikiliza tangu hajaolewa. Sauti yake si nyororo. Ina mkwaruzo, sauti ya mtu aliyelia usiku kucha na asubuhi akaamka akafagia uwanja. Wanaopenda soul na blues za Wamarekani weusi wangemwelewa bila ya kujua neno moja la Kiswahili.

Kikundi kilifungua kwa bashraf, muziki mtupu bila ya maneno. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi, ni kijana mdogo, lakini nyuzi 70 na zaidi zile anazijua kama mtu anavyojua vichochoro vya mtaani kwao. Halafu bibi akasimama, fidla zikawa zinamwitikia, akaingia kwenye beti la aliyepanda mnazi akaumwagilia maji, nazi zikaja kuchumwa na mwengine. Mama mdogo akaweka kikombe chini. Sisi watu wake tunajua mnazi wake ni upi. Akainuka, kanga kajitanda vizuri, kikuba cha asumini kifuani, noti ya elfu kumi kaishika juu kwa vidole viwili, anakwenda pole pole kwa mwendo wa ngoma.

Hakufika. Kijana mmoja wa hoteli, ana redio kiunoni, akamdaka mkono juu ya kiwiko. "Bi mkubwa, kaa chini, unawazibia wageni."

Kamshika mkono! Mtu mzima, ana wajukuu, mbele ya kadamnasi!

Kutunza, kumpelekea mwimbaji noti pale anapoimba, ndiyo taarab yenyewe. Beti likikugusa unainuka, mwimbaji anajua limefika, na ukumbi mzima unajua umesema nini na hujafungua mdomo. Unguja hii ndiyo ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyetoka Fumba akiuza vyungu, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa kwenye santuri kule Bombay. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905. Leo mwanamke wa hapa hapa anaambiwa anaziba. Anamzibia nani? Wale wageni wenyewe walikuwa wameinua simu, walitaka kumuona!

Nilimfuata meneja. Akanambia huo ni utaratibu wa mahala. Nikamuuliza, utaratibu kauweka nani? Akaagiza tuletewe juisi ya bure. Mama mdogo hakuigusa, barafu likayayuka mpaka juisi ikawa maji.

Hapo nilishakata shauri: nyota moja, na msiende. Lakini bibi aliona. Akalirudia lile beti mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ametugeukia sisi. Nilitetemeka; hata mwanangu alipopata homa ya malaria mwaka jana sikutetemeka vile.

Tulipokuwa tunatoka tulimkuta ukumbini nyuma, karibu na jiko, kakaa kwenye kiti cha plastiki anakunywa chai. Mama mdogo akamwamkia shikamoo, akampa ile noti. Bibi akaikataa. "Tunzo haipokewi kimya, mwanangu." Akaweka kikombe, akaimba pale pale, bila ya spika. Mpiga fidla alikuwa hajafunga sanduku lake, akaitoa tena. Wapishi wakatoka na aproni zao. Mama mdogo akarudi nyuma hatua tano sita, akaja tena na mwendo wake ule, safari hii akafika. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Sasa nyota niweke ngapi? Kwa bibi na kikundi chake, zote mlizonazo. Kwa hoteli sina hata moja, mpaka yule kijana aje kumtaka radhi mama mdogo. Mkisikia bibi anaimba kwenye harusi, mfuateni huko, mtamtunza mpaka mchoke. Nilisema pale sirudi. Mama mdogo amesema yeye atarudi, na wenziwe kumi, na kila mmoja noti ataishika mkononi tangu mlangoni. Basi na mie nitakwenda.