Buti za mpira za farasi: zinafaa mchanga wa Mtwara?

Farasi anayepandwa mara mbili tatu kwa wiki, mwendo wa taratibu kwenye mchanga wa ufukwe wa Msimbati, Mtwara, hana haja ya viatu vya chuma. Mchanga haumuumizi unyayo, na fundi wa kugonga viatu akiitwa kutoka Dar es Salaam ana zaidi ya kilomita 500 za kuja kabla hajashika nyundo. Taabu inabaki kwenye barabara za changarawe na kwenye mawe ya matumbawe yanayochomoza maji yakipwa. Hapo ndipo buti za mpira, za kuvalishwa safari ikianza na kuvuliwa ikiisha, zinapofanya kazi yake.

Kwa pwani hii chukua zenye mikanda ya plastiki na matundu ya kutolea maji, kama Scoot Boot za Australia. Za velkro ni rahisi kufunga, lakini velkro ikijaa mchanga laini haishiki tena. Nunua pea ya mbele tu kwanza, kwa sababu miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito. Za nyuma wengi hawazihitaji kabisa.

Kipimo ndicho kinachoharibu manunuzi mengi. Pima kwa milimita, kwato ikiwa imetoka kupunguzwa na farasi amesimama akiukanyagia mguu huo: upana mahali palipo panene zaidi, na urefu kutoka ncha ya mbele hadi mwisho wa kisigino. Ukipima kwato iliyorefuka, buti itapwaya siku ya kwanza baada ya kwato kusagwa kwa tupa. Ikishavaliwa, ishike kwa mikono miwili uizungushe. Ikigeuka, ni kubwa. Tope la mikoko huing'oa hata inayokaa sawasawa, kwa hiyo pita mbali nalo.

Kasoro yake kubwa ni mchubuko. Mchanga hujikusanya nyuma, juu ya kisigino, ukisugua ngozi iliyolowa jasho. Vua baada ya dakika 20 za mwanzo ukague, suuza kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, anika kivulini. Asilale nazo: kwato yenye unyevu usiokauka huoza katikati, ikatoa uchafu mweusi wenye harufu kali.

Kung'oa vyuma kwenyewe kufanyike mvua zikishakatika, Mei au Juni, maana kwato iliyolowa miezi mitatu ni laini na huumia upesi. Ncha za misumari zikunjuliwe au zisagwe kwa tupa kwanza, kisha msumari mmoja mmoja. Fundi akivuta chuma kwa nguvu ataondoka na ukuta wa kwato. Ukingo uviringwe kwa tupa, unyayo usiguswe kisu. Vipande vitamegeka kwenye matundu ya misumari, na hilo lisikutishe: kwato hukua milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, hivyo ndani ya miezi mitatu au minne matundu mengi yatakuwa yameshakatwa. Tupa ipite kila wiki nne hadi sita.

Kuna jambo la hukuhuku ambalo maelekezo ya kiwandani hayawezi kulijua. Msimu wa korosho, farasi akifungwa mikoroshoni atakula mabibo. Yana sukari nyingi, na sukari ya ghafla inaweza kuleta uvimbe wenye maumivu ndani ya kwato. Akianza kuchechemea, kwato zina joto na anaegemea nyuma kupunguzia miguu ya mbele uzito, usilaumu kutembea peku wala buti. Mwondoe mikoroshoni, msitishie kazi na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Pumba za mahindi zikizidi nazo huleta balaa hilohilo.

Farasi wa safari ndefu za lami kila siku, au mwenye unyayo mwembamba tangu zamani, abaki na chuma. Kwa wengine buti zinatosha, ila agiza mikanda ya akiba kwenye mzigo uleule. Mkanda ukikatika Lindi, hakuna duka la kukimbilia.